Shimo ya Hénoc

Likasi, 10 Mars 2025

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana. Kifua kinakuwaje na ule moshi wa samaki? Sisi tuko wazima, Mungu iko. Mujukuu wako Hénoc ametimiza miaka ine, anachekea kila muntu, hata mbuzi ya jirani.

Lakini centre ya batoto wenye ulemavu imefungwa. Watu wa Ulaya wenye walikuwa wanaisaidia wamekata pesa. Mama Danielle, ule alikuwa ananyoosha miguu ya Hénoc, amerudi kwao. Na kile kiti chenye mikanda kimefungiwa ndani. Mama, bila kiti Hénoc hawezi kukaa, na akikula amelala, chakula kinapita njia mbaya, anakohoa mpaka macho yanageuka. Basi ninamushika minye mwenyewe siku nzima, na unga yangu sokoni haina mwenye kuuzisha. Utuombee.

Mutoto wako,
Martine

Tshangalele, 23 Mars

Mama Hénoc, binti yangu,

Salamu kwako, na kwa mukwe wangu Hervé kule anachimba mugodini Kakanda. Minye niko, magoti tu ndiyo inanitukana. Anayeandika ni Mwalimu Athanase. Amekwisha kula samaki yangu mbili na hatujafika katikati.

Weye unalilia kiti? Kaka yako Gaston alichelewa kukaa, tukamuchimbia shimo ku muchanga, tukamusimamisha mpaka kifuani, akakula anaangalia ziwa. Udongo inashika mutoto bila kuchoka. Chimba.

Mama yako

Likasi, 9 Avril

Mama,

Uliamka muzima? Barua yako ilinikasirisha, sikufichi. Nilisema: mutoto wangu si muhogo wa kupanda. Lakini Hervé alipokuja kutuona, akacheka: "Ninachimbia bengine kila siku, nishindwe kuchimbia wangu?" Akachimba shimo, tukatandika blanketi ndani, tukamushusha Hénoc. Jirani yetu Mama Reine akachungulia juu ya ukuta, akalia: "Yesu wangu, njooni! Wanamuzika angali anacheka!" Lupango yetu ikajaa watu, toka ukuta mpaka mulango. Na mbele yao Hénoc akamaliza sahani nzima ya uji, bila kukohoa. Nikalia.

Lakini shimo hainyooshi miguu, Mama. Miguu yake inaanza kukauka. Mama Danielle alinionyesha namna ya kuinyoosha, asubuhi na jioni, pole pole. Inaomba mikono na wakati. Hervé amerudi mugodini. Nikibaki na mutoto, hatukuli. Nikienda soko, nani atamushika? Najua samaki ndiyo maisha yako. Lakini niko naomba: kuja.

Martine wako

Tshangalele, 21 Avril

Mama Hénoc,

Amani kwako na kwa mutoto. Leo ni minye Athanase, hakuna muntu ananiambia maneno ya kuandika. Nilipomusomea mama yako barua yako, aligeuza samaki upande wa pili. Kisha akaita mama mudogo wako Émilienne, akamuachia moto na vichanja vyote. Nikauliza: "Tujibu nini?" Akasema: "Mwalimu, weye na maneno! Andika tu fasi ya nyumba ya binti yangu, nionyeshe watu njiani."

Nimeandika juu ya bahasha. Ndani niliongeza haya kwa kichwa changu. Kama unayasoma, basi mama yako mwenye kubeba hii bahasha iko mbele yako. Acha karatasi, umupe mutoto.

Ndugu yako,
Athanase