Ndege Uliyemtaka Hayumo Bahashani

Ihuatzio, Michoacán
14 Novemba 1997

Mpendwa mdogo wangu Zenaida,

Hujambo? Huko Fresno baridi imeshaanza kuuma? Sisi wazima. Mguu wa Baba umepungua uvimbe, na jana alikula tamale tano, kwa hiyo usimwonee huruma.

Uliniomba tzintzun mkavu, yule ndege mvumaji, aliyefungwa uzi mwekundu, ili mumeo Lázaro akurudie kwa moyo. Kumuua nilikataa. Lakini Jumanne alfajiri nilimkuta mmoja kwenye maua ya uani, ameganda tawini, baridi kama jiwe. Nikampelekea Nana Rutilia, shangazi yetu, si unajua ndiye mfungaji wa ndege hao wa mapenzi.

"Huyu kafa mwenyewe," akasema. "Hatuna dhambi. Mtie kifuani, nitafute uzi."

Uzi ukakawia, nikapata muda wa kumchungulia. Uzito wake haufiki punje kumi na tano za mahindi. Mdomo ni sindano ya kufika ndani kabisa ya ua, na vijiguu ni vya kushikia tawi tu, havitembei.

Mara akaanza kutetemeka kifuani mwangu. Nilipiga ukelele!

"We Domitila!" Nana akacheka. "Kifua chako kina moto, tungekiinjikia maharage!"

Ndege akatoka, akasimama hewani mbele ya pua yangu, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akaenda zake.

Tata Abundio, jirani yetu anayeuza maua, alituambia ndivyo walivyo. Akiruka, moyo hupiga hata mara elfu kwa dakika, kwa hiyo hula mchana kutwa. Usiku wa baridi hali kitu, basi hupunguza moto wa mwili mzima asife njaa. Asubuhi hujipasha polepole.

Nana aliacha kucheka. "Sasa wale wote niliowafunga..." akasema, asimalize.

Kwa hiyo bahashani umo uzi mtupu. Nimekuonea uchungu, mdogo wangu, lakini sitakudanganya. Kaa karibu na Lázaro, mpe muda wa kupata joto. Asipoamka, usimfunge. Njoo nyumbani, kitanda chako hakijalaliwa na mtu.

Baba anakusalimu, na Tata Abundio pia. Nana Rutilia anakuombea. Tangu Jumanne hajafunga ndege.

Mungu akufunike vizuri huko uliko.

Dada yako akupendaye,
Domitila