Chumvi ya Tangi Lako

Mjomba, shikamoo. Pole na kitanda cha hospitali. Simu zako sipokei kwa aibu, ndiyo maana naandika.

Matumbawe ya tangi la samaki uliloniachia yalipojikunja nikalaumu pampu. Nikaifungua, nikaisafisha, nikajisifu mtaa mzima. Wapi! Muuza samaki wa mapambo akapima maji, akacheka: "Dogo, unafuga samaki au unawakausha?" Kumbe maji ya tangi yakipungua kwa kukauka, chumvi hubaki, hivyo unaongeza yasiyo na chumvi. Mimi kila siku niliongeza ya chumvi.

Ile picha niliyokutumia Jumapili, ukaionyesha wodi nzima, ni ya zamani. Matumbawe yamekufa yote. Amebaki yule samaki wa milia, naye ananikwepa. Picha yake ya leo imo humu. Hii usimwonyeshe mtu.

Mpwa wako, fundi wa mdomo