Kichwa cha Kiazi Kikuu

Jeddah, Jumatano, baada ya magharibi

Ni Rashidi tu. Hakuna mwingine ila huyu dereva wetu aliyejua kwamba sikukila kile kiazi kikuu chote. Aliniletea mwenyewe kutoka sokoni, akasema kimetoka Ghana, nami kwa furaha nikamwambia kichwa chake naweka mbegu, kama tufanyavyo kwetu Kwale.

Leo asubuhi madam akaniita bustanini. Mbegu yangu ilikuwa juu ya sakafu, imefukuliwa.

"Umezika nini kwangu? Sihri?"

Kwa neno hilo, uchawi, mtu hufungwa hapa.

"Ni chakula, madam. Kinaota."

"Chakula chenye majivu?"

Kiazi kikikatwa hupakwa majivu kisioze, nyanya ndiye aliyenifundisha. Ila majivu yenyewe niliyatoa kwenye chetezo chake cha udi. Ningemwambiaje hilo?

Akaniamuru nikichemshe, nikile mbele yake. Nilikila bila chumvi, huku akinitazama mdomo, hadi kikaisha. Akasema "halas", yaani basi, akaenda zake.

Jioni Rashidi ananiuliza kwa huruma, "Vipi, tumbo haliumi?" Nani alimwambia nimekula nini? Jikoni tulikuwa wawili tu, mimi na madam.

Kuanzia leo nitamjibu salamu, basi. Wala hajui kwamba kile kichwa nilikikata vipande viwili. Cha pili kiko ardhini salama, na ni wapi, hata humu daftarini siandiki.