Moya Halas

Jumapili, 6 Julai
Tena. Taa nyekundu ya joto imewaka hata sijatoka Al-Sulay, hapa Riyadh, nyuma nimebeba mazulia. Nikasimama, nikangoja injini ipoe, nikaongeza maji, nikaendelea. Kama kunywesha ng'ombe. Van yenyewe ni ajuza na bosi hataki kusikia. Kwake dawa ya kila ugonjwa ni maji.

Jumatatu, 7 Julai
Mke wangu, Mama Njeri, amepiga simu kutoka Jeddah. Kafili wake, mwajiri aliyemleta, amempa tiketi ya kurudi Kenya Jumamosi, na hatarudi tena huku. Ijumaa baada ya swala madam atamruhusu atoke getini tuonane. Tangu tuje Saudia, yeye jikoni mwa watu huko Al-Safa, mimi kwenye usukani huku Riyadh, hatujaonana uso kwa uso. Mke na mume! Nimemwomba bosi safari ya Jeddah ya Alhamisi. Amekubali. Nimefurahi hadi nikaogopa.

Jumanne, 8 Julai
Sasa hata nguvu hamna. Kupanda daraja tu nakanyaga mafuta hadi mwisho, gari linatambaa, malori yananipita yakipiga honi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: nimelala chini ya van, juani. Paipu ya juu ya rejeta ina ufa. Kifuniko hakikazi. Feni ni nzima. Nina hasira na bosi, maana nilimwambia tangu kabla ya Ramadhani.

Jumatano, 9 Julai
Gereji. Fundi ni Mbangladeshi mpole. Tunaongea Kiarabu cha kuokoteza, yeye chake, mimi changu. Amebadilisha paipu, kifuniko na thermostati. Bosi kwenye simu: yalla, yalla, haraka. Nikamuuliza fundi, "Moya?" Akafuta mikono. "Moya halas, sadik." Maji tayari, rafiki. Nikashukuru. Nikachungulia tangi la akiba la maji, lakini plastiki yake imekuwa kahawia kwa uzee, haionyeshi kitu. Nikaondoka.

Alhamisi, 10 Julai
Nilitoka alfajiri, nimenyoa, shati safi limening'inia nyuma ya kiti. Mshale wa joto ulilala chini. Nikaimba. Nikiwa jangwani, nguvu zikakatika, mvuke ukafuka kwenye boneti, injini ikazima. Mshale bado uko chini! Ndipo nikaelewa. Kipimo hupima maji, na maji hayapo.

Nikampigia fundi. Kumbe alitia maji kidogo aliyokuwa nayo. Alimaanisha maji yake yamekwisha, niongeze mwenyewe. Halas. Sisi wageni tumelibebesha neno hilo mizigo yote: tayari, basi, yameisha, hakuna. Nami nikasikia nililotaka kusikia. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Mafuta ya injini yana rangi ya chai ya maziwa, yamechanganyika na maji. Gasketi imeungua. Nimelia, na potelea mbali.

Ijumaa, 11 Julai
Bosi ameagiza satha, gari la kubeba magari mabovu, limrudishe ajuza Riyadh pamoja na mzigo na mimi. Nilimsihi aniache nitafute lifti hadi Jeddah. Mafi, hakuna. Nisiache mazulia yake. Namchukia leo.

Mama Njeri akapiga akiwa getini. "Baba Njeri, umefika wapi? Madam amenipea mpaka alasiri." Nikamwambia niko juu ya satha, narudishwa Riyadh. Akasema: "Sawa. Umekula?"

Jumamosi, 12 Julai
Mama Njeri ameruka. Nimelala mchana kutwa.

Alhamisi, 24 Julai
Ajuza ameuzwa chuma chakavu. Bosi amenipa van nyingine, changa. Safari yake ya kwanza ilikuwa Jeddah, mazulia ya nyumba moja Al-Rawdah. Njia nzima haikuwasha taa yoyote. Nilipomaliza kushusha nikaenda Al-Safa. Ramani ya geti la Mama Njeri bado iko kwenye simu. Nikaegesha upande wa pili wa barabara. Baada ya muda akatoka getini msichana, Mkenya kwa sura, amebeba mifuko ya takataka. Bado mgeni, hakujua pipa liko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akanipungia mkono, nami nikampungia. Kisha nikawasha gari nikarudi Riyadh.