Makoti Uliyoyatundika Kwenye Seng'enge

Mama,

Shikamoo, popote ulipo. Najua ungesema barua ya mtu mmoja haisomwi na watu wote, lakini hii nimeamua isomwe, maana wewe ndiye uliyetuzoesha kuishi mlango wazi. Kwa wasiokujua niseme kwa kifupi: hukunizaa. Ulinilea pamoja na wenzangu katika kituo chako kule Chanika, na sote tulikuita Mama kwa sababu hatukuwa na mwingine wa kumwita hivyo.

Leo nimeyakumbuka yale makoti.

Unayakumbuka? Yalikuja marobota kutoka kwa wafadhili wa nchi za baridi. Tuliyafungua mbio mbio tukitegemea magauni na viatu vya shule, yakatoka makoti mazito yenye manyoya shingoni, glovu, na buti za kukanyagia theluji. Chanika, Mama, mwezi wa kwanza, joto ambalo hata kuku hawatoki kivulini. Tuliyavaa tukacheka mpaka tukalowa jasho. Na wale watu, kwa upendo wao, walikuwa wameshona jina la kituo mgongoni mwa kila koti, kwa nyuzi nyekundu, herufi kubwa kubwa.

Wewe na kamati mkayauza baadhi kwenye soko la mitumba Temeke, mkatununulia magodoro. Hakuna aliyeyafikiria yale maandishi. Na Dar es Salaam nani ananunua koti la manyoya kama si dereva wa bodaboda, anayetoka alfajiri na upepo wote kifuani? Ndivyo jirani yetu Mama Shadya alivyopanda pikipiki kwenda Gongo la Mboto, akakaa nyuma ya dereva, na njia nzima akawa anasoma jina letu. Aliporudi alianzia kwenye genge la nyanya. Kufika jioni, mtaa mzima ulishajua kwamba Mama wa kituo anauza vitu vya yatima.

Nilikuwa darasa la saba na nilielewa kuliko ulivyodhani. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kukuambia, kwa upole, kwamba maneno yakiendelea kituo kinaweza kufungwa, na sisi tutagawanywa kwenye vituo vingine, huyu huku, yule kule. Nilikuwa nasugua sufuria karibu na mlango. Kuanzia saa ile mimi na Rehema, tuliolala kitanda kimoja tangu hatujajua kusema vizuri, tulitembea tumeshikana mikono. Tuliogopa hata kwenda chooni peke yetu, tusije tukarudi mmoja akawa hayupo.

Kamati ikakaa. Mzee Komba, aliyeiongoza, mtu mwema kabisa, alishauri iseme makoti yaliibwa. Alisema neno moja tu, nalo litawaokoa watoto wote hawa. Tulikuwa tumejibanza dirishani, na niseme kweli, nilikuwa upande wake. Ulimwacha akamaliza. Kisha ukamwambia kwamba hao watoto ndio watakaoulizwa njiani na watu, na wewe huwezi kuwafundisha uongo wa kujibu.

Asubuhi ukatutoa wote. Tukayabeba makoti yaliyobaki, tukayatundika kwenye seng'enge upande wa barabarani, migongo ikitazama nje, yale maandishi mekundu yote yakisomeka. Chini yake tukazipanga buti. Halafu ukachukua ubao wa boksi ukaandika kwa mkaa kwamba haya tumeletewa, hayatufai, mengine tuliyauza tukanunua magodoro, karibuni ndani mkayaone. Ukafungua geti mabawa yote mawili, ukaweka jiwe kila upande ili lisijifunge.

Mama, mpaka leo sijaona kitu kama kile. Nimekua, nimesoma, nimekaa kwenye semina za uwazi na uwajibikaji zenye chai na maandazi, na hakuna hata moja iliyonifundisha kama ile seng'enge. Wewe mwanamke mfupi, kanga imefungwa kiunoni, umesimama katikati ya geti kama vile unangoja wageni wa harusi.

Wakaja. Kwanza kwa kuibia ibia, baadaye kundi zima. Vijana wakajaribu makoti, wakapigana picha. Kina mama wakaingia hadi jikoni, wakafunua sufuria. Wakaingia stoo, wakaingia vyooni. Mama Shadya akaenda moja kwa moja kwenye kitanda chetu, akakalia godoro, akalibonyeza kwa ngumi. Kisha akakuuliza, mbele ya wote, mbona hamkuwaambia majirani kabla ya kuuza.

Nilijua utajitetea. Mtu mzima yeyote angejitetea. Ukasema, "Hapo tulikosea, jirani. Tungewaambia kwanza." Ukaishia hapo. Hukuongeza hata nusu ya neno, na Mama Shadya, aliyekuja na maneno mengi, akainuka, akalinyoosha shuka alilolikalia.

Watu walipokwisha kulainika, mzee mmoja aliyekuwa anatafuna muwa akaanza kutuangalia nyuso. Akauliza ni yupi kati yetu yule aliyeokotwa. Mtaa ulikuwa na hadithi zake, na hata mimi nilizisikia shuleni. Wote wakageuka kututazama, wakingoja jibu. Ukaja ukasimama mbele yetu, taratibu.

"Ya kituo ulizeni yote, hata ya chooni," ukamwambia. "Ya mtoto ni ya mtoto mwenyewe."

Yule mzee akatema makapi ya muwa, akaomba radhi. Hatukugawanywa. Tangu hapo kila marobota yakija yanafunguliwa getini mbele ya majirani, na anayesimamia zoezi hilo, bila kuombwa na mtu, ni Mama Shadya. Mkali kuliko mkaguzi yeyote niliyewahi kukutana naye.

Sasa nikuambie ya karibuni. Mimi ndiye katibu wa kituo siku hizi, na mwezi uliopita nilikutana na wafadhili wapya kwenye hoteli moja Mbezi Beach. Niliwafungulia kila kitu, mazuri na yaliyotushinda. Wakafurahi. Kisha wakaomba jambo moja zaidi: picha za watoto na habari ya kila mmoja alivyopatikana, ziwekwe kwenye tovuti, kwa ajili ya uwazi. Bila hizo, walisema, itakuwa vigumu kutusaidia. Na msaada huo tunauhitaji sana, sikufichi, paa la bweni la wavulana linavuja.

Nikakataa. Dada mmoja mpole, wala hakuwa na nia mbaya, akainama kwangu. "Basi wewe, sista. Si umekulia palepale? Tupe hata ya kwako."

Jibu lote ninalo. Uliniambia nilipomaliza kidato cha nne, tukiwa wawili tu, na hukunificha hata lile baya. Hapo mezani, mbele ya watu na vikombe vya kahawa, ndipo nilipotambua kwamba hakuna mwingine anayelijua. Mzee Komba halijui, na Rehema halijui. Mtaa ule wenye masikio, na wewe uliyekuwa hufungi hata stoo, na miaka yote hiyo halikukutoka hata mara moja.

"Ninayo," nikamjibu, "lakini sijaamua kuitoa."

Hawajatujibu mpaka leo, na sijui kama watatujibu. Siku ile nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za hoteli, nikalia, na haikuwa huzuni. Nilistaajabu tu, Mama, kwamba nimetunzwa kiasi kile maisha yangu yote na sikuwa najua.

Pumzika salama.

Ni mimi,
Binti yako