Uwezekano wa Kulwa

Jumapili, Juni. Upepo wa kipupwe unavuma tangu asubuhi, na vumbi la mtaa wetu wa Cheyo limeingia mpaka kwenye kopo la chumvi. Sina hamu ya kula wala ya kuongea na mtu. Naandika kwa sababu nikinyamaza nitapasuka.

Jana kwenye tuisheni nilifundisha neno possibility. Nikaandika ubaoni: uwezekano, jambo linaloweza kutokea. Mwanafunzi mmoja, mtundu kweli, akauliza, "Madamu, hata mvua kunyesha Tabora mwezi wa saba?" Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia ndiyo, hata hiyo, ila Waingereza wataiongezea neno remote, yaani iko mbali. Wenzetu wanalipima hili neno: kubwa, dogo, la mbali sana. Akataka mfano mwingine. Nikasimama na chaki mkononi, mfano umenijaa mdomoni, nikawaambia wafunge madaftari waende nyumbani.

Mfano ni ndugu yangu.

Kulwa ni pacha wangu. Mimi ni Doto. Yeye ni mrina asali, kama alivyokuwa marehemu baba. Mwaka juzi, msimu wa asali, aliingia porini upande wa Ulyankulu na wenzake. Asubuhi moja akatoka kambini kwenda kukagua mizinga yake, asirudi. Wenzake waliikuta baiskeli imeegemezwa kwenye mti, ndoo imefungwa nyuma, tupu. Walipiga filimbi, waliita, walitafuta mpaka chakula kikawaishia. Hata kipande cha nguo hawakukiona.

Tangu hapo tunaishi na neno moja. Askari alisema uwezekano upo. Padri akasema kwa Mungu uwezekano upo. Mganga naye, bila haya, akasema upo, ila leteni kuku. Sisi hatulipimi. Kwetu ama upo ama haupo, na ukishaambiwa upo, unakaa nao ndani kama mgeni asiyeaga. Kila jioni mama anamwekea Kulwa chakula. Asubuhi nakila mimi, kimelala. Nimechoka. Ee Mungu nisamehe, nimechoka.

Leo baada ya misa alikuja baba mdogo kutoka kijijini. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, nikajua amekuja na lile lile. Kwa warina wa kwetu kila mzinga una alama ya mwenyewe, na mzinga wa mtu aliye hai haufunguliwi na mkono mwingine mpaka mwenyewe aagize. Kuurina bila agizo lake ni kutangaza kwamba amekufa. Mwaka jana alipokuja kuomba airine mizinga ya Kulwa, mama alimtoa mbio na mwiko.

Leo alikaa kwenye kigoda, kofia magotini, chai ikapoa mbele yake.

"Shemeji," akasema, "nyegere wameanza kuiangusha mizinga. Mmoja tumeukuta chini, masega yametapakaa, siafu wamejaa. Kazi ya mikono ya mtoto inaoza. Mimi hiyo asali siitaki, nataka ruhusa yako tu."

Mama hakugusa mwiko. Hilo ndilo lililonitisha. Alinigeukia.

"Doto, wewe ndiye uliyesoma. Uwezekano upo?"

Siku zote nilikuwa namjibu upo. Mdomo ulishazoea, kama kuitikia amina. Nikamtazama: shingo imebaki mishipa, macho mekundu kwa kuangalia mlango. Nikaona nikisema upo tena, huyu nitamzika mbele ya macho yangu.

"Haupo, mama."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Akamwambia baba mdogo, "Nendeni mkarine." Kisha akavua kanga ya kichwani, akaifunga kiunoni, akatoka uani, akapiga ukunga.

Sijawahi kumsikia mama na sauti ile. Alipofiwa na baba alilia kwa adabu, kwa sauti ya chini, akikumbuka kuwakaribisha wageni viti. Leo alimwita Kulwa kwa majina yake yote, hata ya utotoni ambayo mimi nilishayasahau.

Huku kwetu ukunga wa msiba hauhitaji tangazo. Mara uani pakajaa wanawake, mikeka ikatandikwa, wanaume wakaanza kukokota magogo ya moto. Jirani yetu Mama Zaituni alikuja mbio, unga bado uko mikononi, akanishika bega.

"Pole mwanangu. Nani tena?"

"Kulwa."

"Innalillahi! Kwani wamempata? Amefariki lini?"

Watu waliokuwa karibu wakasogea wasikie, maana hilo ni swali la kawaida na kila mfiwa ana jibu lake.

"Leo," nikasema.

Mama Zaituni akanitazama kidogo, akanikumbatia.

Sasa nimejifungia chumbani, naandika haya kwenye simu. Nje wameanza kuimba. Asubuhi pacha wangu alikuwa na uwezekano, hata kama ulikuwa wa mbali. Sasa hana, na aliyemnyang'anya ni mimi. Kama kweli alikufa kule porini, basi nimemzika tu. Na kama yuko mahali, anatembea, nimemfanya nini ndugu yangu?