Ketaki Akikupigia Simu Jumapili

Nyumba ya Deshkar,
Nyuma ya Soko la Pamba,
Yavatmal.

Jumatano, 13 Julai 2022

Mpendwa mdogo wangu Vinayak,

Pokea salamu za nyumbani, pamoja na chupa ya achari ya maembe anayokuletea mwenye barua hii. Mgongo wako unaendeleaje? Joto la Muscat bado linawachoma? Tushar wenu wa huko aliniambia umekonda, nawe kwenye simu unasema umenenepa. Mmoja wenu ananidanganya, na nadhani ni wewe. Kula, ndugu yangu. Sisi huku tu wazima. Mvua imeanza, pamba imechipua mashambani, na paa la jikoni linavuja palepale alipoziba yule fundi uliyemsifu.

Najua utashangaa kupata barua wakati tuliongea Jumapili tu. Simu yangu anaishika binti yako Ketaki kuliko mimi, na haya sitaki ayasikie. Atakayekuletea ni mkwe wa Bi Kusum, jirani yetu, anayepanda ndege Ijumaa. Bahasha nimeipaka gundi mara mbili. Ukiikuta imechanika pembeni niambie, maana yule kijana ana macho ya umbea.

Nianze na rafiki yako Prashant. Ulisema nimsikilize kwa sababu mlilala kambi moja huko miaka mingi. Nimemsikiliza. Alikuja na miwani yake ya jua, akala pohe yangu ya mchele sahani mbili, kisha akaniambia, "Dada, ya nini kumpeleka mtoto mbali kwenye vyuo vya serikali vilivyochakaa? Hapa barabara ya Nagpur kuna chuo kama hoteli. Ketaki asome uhandisi wa mitambo, jioni arudi kula kwako. Mkuu wa chuo ni kama ndugu yangu." Mimi mtu akiniambia mkubwa fulani ni kama ndugu yake, machale hunicheza. Nikamuuliza wanawe mwenyewe wamesoma wapi. Akakumbuka ghafla kwamba amechelewa mahali.

Tulialikwa kukitazama hicho chuo. Milango ni ya vioo na inajifungua yenyewe. Tulivishwa maua, tukanyweshwa chai ya maziwa mazito, na msichana mwenye tabasamu la kuazima akatupeleka karakana. Mashine za kukereza vyuma zilikuwa safu nzima, zinang'aa kama mapambo. Nikapitisha kidole chini ya moja, kikatoka kikavu. Vinayak, wewe na mimi tumekulia kwenye kiwanda cha baba cha kuchambua pamba. Mashine inayofanya kazi huchafua kila kitu. Ile ilikuwa safi kuliko sahani zangu.

Unajua ninavyochunguza nyumba ya bwana harusi. Siku ya kualikwa siihesabu, kwani siku hiyo hata mlevi huvaa shati jeupe. Unarudi bila taarifa, unaomba maji, unatazama yanavyoletwa, unauliza choo kiko wapi, na ukitoka unakaa kunywa chai mtaa wa pili uwasikilize watu. Ndivyo nilivyomwokoa binti ya dada yetu Aparna asiolewe na yule bwana wa Wardha aliyekuwa na mke mwingine. Nikajiuliza, kama nafanya hivyo kwa mkwe, kwa nini nisifanye kwa chuo? Kote ni kukabidhi mtoto.

Basi wiki iliyofuata tukaenda mimi na Bi Kusum, hatukumwambia mtu. Karakana ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Nikachungulia dirishani, sakafu tupu. Tukavuka barabara hadi kibanda cha chai, tukakaa karibu na wanafunzi.

"Mwanangu," nikamwambia mmoja, "zile mashine za karakana ziko wapi?"

"Zimerudi kwao, shangazi." Wenzake wakacheka.

"Kwao wapi?"

"Tutajuaje? Wakija wakaguzi, au wazazi wakialikwa, zinaletwa na lori. Wageni wakiondoka, nazo zinaondoka. Sisi huwa tunaziaga kama bibi harusi."

"Wewe umewahi kuzitumia?"

"Niko mwaka wa tatu, shangazi. Nimepiga nazo picha."

Bi Kusum alicheka mpaka chai ikampalia. Mimi nilipandwa na hasira hata sikumaliza kikombe changu. Hapo ndipo rafiki yako alipotaka tumpeleke mtoto wa marehemu mkeo Anuja.

Nilienda pia kwenye kile chuo cha serikali kule mbali, upande wa milima ya Sahyadri. Ni safari ya basi usiku kucha, na magoti yangu hayajanisamehe. Hakuna aliyenipa hata maji. Karani aliniambia, "Mama, soma ubaoni," bila kuinua kichwa. Nikafurahi. Mtu asiyekubembeleza hana anachotaka kukuuzia. Karakana ilinuka mafuta, na wasichana wawili walikuwa wamechuchumaa mbele ya injini iliyofunguliwa, mikono myeusi hadi viwikoni, wanabishana nati gani ilitoka wapi. Pale nilimwona Ketaki wetu kabisa, Ketaki aliyefungua mashine yangu ya kusagia viungo akiwa darasa la sita, akairudisha ikasaga vizuri kuliko ilipokuwa mpya. Alama alizopata zinamfikisha pale bila shaka.

Nilirudi nikamweleza yote, malori na mikono myeusi. Nilidhani ataruka kwa furaha. Alinisikiliza huku akikunja nguo, kisha akasema, "Nitakiweka cha barabara ya Nagpur namba moja kwenye orodha yangu."

"Kile chenye mashine za kuazima?"

"Mashine nitazisoma kwenye video, shangazi."

Vinayak, huyo si mtoto niliyemlea. Mtu anayejua kwamba kisima hakina maji na bado anapeleka ndoo, ana lake jambo. Na Jumatatu ijayo kila mwanafunzi anafunga orodha ya vyuo alivyochagua kwenye kompyuta, na ikifungwa imefungwa. Nikasema moyoni, hapa kuna mvulana. Nikampekua kwa macho siku mbili. Alikuwa ananong'ona kwenye simu, akiniona anakata. Alitoka jioni akisema anaenda kwa rafiki, na hakuchana nywele. Hilo lilinitia wasiwasi zaidi, maana penzi lililofika hatua ya kutochana nywele limekwenda mbali.

Jana nikamfuata. Nilijifunika shela ya Bi Kusum usoni. Hakwenda kwa rafiki wala kwa mvulana, alikwenda kwa mchomelea vyuma karibu na kituo cha mabasi. Nikasimama nyuma ya mageti yaliyoegeshwa pale nikawasikiliza.

"Kishikio kiwe mbali na ukuta kiasi hiki," alikuwa anasema, "ili vidole vyake vipite. Na usikipake rangi ya kuteleza."

"Binti, wewe unanifundisha kazi?"

"Ndiyo, nakufundisha. Ni cha shangazi yangu. Akikivuta kwa uzito wake wote, kisitikisike."

Sasa sina budi kukuambia. Mwezi wa Mei niliteleza bafuni, nikalala pale sakafuni mpaka Ketaki aliporudi. Mkono umepona. Sikukuambia kwa sababu ungepanda ndege siku ileile ukaacha kazi. Nilidhani na Ketaki amesahau.

Nyumbani nikamkalisha chini. Hakulia, unamjua. Akasema, "Shangazi, hicho chuma kitakusaidia ukiwa bado umesimama. Ukishaanguka, nani atakusikia? Bi Kusum ni kiziwi wa sikio moja. Mimi siendi popote. Kama kungekuwa na mtu wa kukaa nawe, ningefunga orodha leo hii, chuo cha serikali namba moja."

Nimewachunguza watu wengi, nikitafuta nani anaficha nini na kwa faida ya nani. Mdogo wangu, sikuwahi kukutana na aliyeficha jambo kwa faida yangu. Niliona aibu, kisha nikaona furaha, kisha nikaogopa sana, maana mtoto alikuwa anaitupa akili yake yote kwa ajili ya mwanamke wa miaka sitini na nne na bafu lake. Ulimi ukanitangulia. Nikasema, "Mtu yupo. Binamu yetu Nalini anahamia hapa mwezi ujao."

Wewe na mimi tunajua Nalini hajaikanyaga nyumba hii tangu ugomvi wa mpaka wa ardhi, na hataikanyaga hata tumbebe. Ketaki akanikazia macho.

"Shangazi Nalini? Yule aliyesema hata majivu yake yasipite mlangoni kwetu?"

"Uzee umemlainisha."

"Sawa. Jumapili nitamuuliza baba."

Ndiyo sababu ya barua hii. Akikupigia atakuuliza ghafla, katikati ya mambo mengine, mara tu unapocheka. Mwambie Nalini alikupigia mwenyewe, akakuambia anahamia na ng'ombe wake. Habari ya ng'ombe ataiamini. Masomo yakishaanza nitasema tumegombana tena na Nalini amebadili nia, na hilo hakuna mtu Yavatmal nzima atakayelitilia shaka. Nitamkosa mtoto huyu, Vinayak, nitamkosa vibaya. Lakini aende.

Nisalimie Tushar na mkewe, na mwambie asante kwa kukuchongea kwangu kwamba umekonda. Bi Kusum anakusalimu. Prashant usimsalimie. Ganapati aondoaye vikwazo akutangulie kazini na akurudishe salama, mgongo ukiwa umenyooka.

Na tafadhali, ndugu yangu, Ketaki akikuuliza jibu papo hapo, hata usimeze mate. Ukisita kidogo tu atakiweka kile chuo cha vioo namba moja, kwa sababu ni mimi niliyemfundisha, tangu akiwa mdogo, kwamba anayesita anadanganya.

Dada yako akupendaye siku zote,
Sulabha